Tsavoraiti na kromu tomalini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mawe haya mawili ya kijani huchimbwa Tanzania na Kenya, huuzwa juu ya meza moja, na huchanganywa kila siku, mara kwa bahati mbaya, mara kwa makusudi. Sokoni wengi huyaita grini ganeti na grini tomalini, au "grini" tu pale muuzaji asipotaka kuulizwa zaidi. Majibu haya ni ya mnunuzi, dalali anayeanza na fundi anayekata. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye swali la mzani na maji.

Je, ni mawe ya ukoo mmoja?

Hapana, hayana undugu wowote. Tsavoraiti ni ganeti, ile aina iitwayo grosula, iliyojengwa kwa kalsiamu, alumini na silika. Kromu tomalini ni tomalini ya aina ya dravaiti, yenye magnesi nyingi na, juu ya yote, boroni. Bila boroni hakuna tomalini.

Kinachoyafananisha ni rangi peke yake. Yote mawili hupata ukijani kutoka kwa vanadi na kromu, kwa kiasi kidogo sana kilichojipenyeza ndani ya jiwe wakati linakua. Na usidanganywe na jina: kromu tomalini nyingi za kwetu zikipimwa maabara hukutwa na vanadi nyingi kuliko kromu. Kwa mnunuzi hilo halibadilishi kitu, maana jicho halioni tofauti.

Mbona yote yanatoka maeneo yaleyale?

Kwa sababu yalipikwa jikoni pamoja. Ukanda wa miamba unaopita Kenya, Tanzania na kushuka hadi Msumbiji na Madagaska ulibanwa na kuchemshwa takriban miaka milioni 600 iliyopita, pande za bara kubwa la kale zilipogongana. Chini ya bahari ya wakati huo kulikuwa na matope meusi yaliyojaa mabaki ya viumbe, na matope ya namna hiyo hukusanya vanadi. Yalipobanwa na kupata joto, ule weusi ukageuka kinywe, yaani grafaiti, na vanadi ikahamia kwenye madini mapya yaliyokuwa yakikua. Palipokuwa na kalsiamu nyingi ikatoka ganeti. Palipokuwa na boroni na magnesi ikatoka tomalini.

Ndiyo maana mchimbaji wa Simanjiro au Taita anayefuata mwamba wenye kinywe huwa hatafuti rangi ya kijani kwanza. Anafuata weusi unaochafua mikono. Tsavoraiti ya Taita na ya Komolo mara nyingi hukaa ndani ya mafundo, mfano wa viazi vyenye ganda gumu lenye rangi ya kijivu au kijani kilichochuja. Unapasua fundo, ndani unakuta vipande vilivyojaa nyufa na, ukijaliwa, kipande kimoja kisafi. Mirerani ni tofauti kidogo: huko tsavoraiti hutoka pamoja na tanzanaiti na huweza kuwa na nyuso zake za asili zilizonyooka.

Kwa upande wa tomalini, jina linalotajwa zaidi ni Landanai, hukohuko Simanjiro. Bonde la Umba, karibu na mpaka wa Kenya, nalo limetoa mawe mazuri, na upande wa Kenya yapo pia. Tsavoraiti imepatikana vilevile Ruangwa mkoani Lindi, na Madagaska.

Nani aliyaona kwanza?

Kwa tsavoraiti jibu linajulikana vizuri. Campbell Bridges, mjiolojia Mskoti, aliipata mwaka 1967 katika eneo la Lemshuku, karibu na Komolo, Tanzania. Baadaye alivuka mpaka kuingia Kenya, akafuata mwamba uleule, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaipata tena Taita, jirani na hifadhi ya Tsavo. Henry Platt wa kampuni ya Tiffany ya New York ndiye aliyeshirikiana naye kulipa jiwe jina, na mwaka 1974 kampuni hiyo ikalitangaza Marekani. Kwa hiyo jiwe lililoonekana kwanza Tanzania limebeba jina la Kenya, jambo ambalo madalali wa Arusha hawajalisamehe.

Bridges aliuawa mwaka 2009 karibu na Voi katika mgogoro wa eneo la uchimbaji. Husimuliwa kwamba zamani alikaa kwenye nyumba ya juu ya mti kuogopa wanyama, na kwamba alimfuga chatu alale juu ya mawe yake ili wezi wasisogee.

Kromu tomalini haina hadithi kama hiyo, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya bei yake kubaki chini. Jiwe lisilo na hadithi huuzwa kwa uzuri wake tu.

Kwa macho matupu naweza kuyatofautisha?

Ukiwa na mwanga wa jua na subira, mara nyingi ndiyo. Shika jiwe kwa kibano au kati ya vidole, lielekeze mbinguni (si kwenye jua lenyewe), kisha ligeuze polepole upande hadi upande.

Tsavoraiti ina rangi moja. Uigeuze utakavyo, ukijani ni uleule, kwa sababu nuru hupita ndani yake kwa mwendo mmoja pande zote. Tomalini ina rangi mbili kulingana na upande unaotazama: upande mmoja kijani chenye umanjano, mwingine kijani kizito kinachoelekea bluu, na ukitazama kwa kufuata urefu wa kioo chake cha asili (umbo ambalo jiwe lilikua nalo ardhini) hukolea zaidi, wakati mwingine hadi kukaribia weusi. Kwenye jiwe lililokatwa mraba mrefu utaona ncha mbili zimekuwa nyeusi kuliko katikati. Ukiona hivyo, una tomalini mkononi.

Tahadhari moja: jiwe dogo, la nusu karati kushuka, au lenye rangi hafifu, huficha tofauti hiyo. Hapo usiape kwa macho yako.

Sina maabara. Ni kipimo gani kinachoweza kuniamulia?

Mzani na kikombe cha maji. Ningeshauri kila dalali ajifunze hiki kabla ya kununua tochi ya bei mbaya.

Unahitaji mzani mdogo wa kielektroniki unaosoma hadi 0.01 ya gramu, ule unaotumiwa sokoni, pamoja na kikombe chepesi cha plastiki na uzi mwembamba. Pima jiwe kavu, andika uzito. Halafu weka kikombe chenye maji juu ya mzani na urudishe namba kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lizamishe majini lote, likining'inia bila kugusa kitako wala ukuta wa kikombe. Mzani utaonyesha namba ndogo. Hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa jiwe kavu kwa namba hiyo.

Tuseme jiwe lina gramu 1.80. Likiwa tsavoraiti, mzani utasoma takriban 0.50, na ukigawa unapata 3.6. Likiwa kromu tomalini, utasoma takriban 0.59, na jibu ni 3.05 hivi. Kioo cha kawaida cha kijani kitasoma karibu 0.72, yaani 2.5. Tofauti hizo ni kubwa mno kufunikwa na makosa ya mkono.

Wanaokosea hukosea sehemu mbili. Kwanza mapovu: povu moja lililonata chini ya jiwe linatosha kuharibu hesabu, kwa hiyo lichovye na kulitikisa kwanza, tone dogo la sabuni ndani ya maji husaidia. Pili, hulazimisha kipimo kwenye kijiwe kidogo mno. Chini ya gramu 0.4 mzani wa namna hii hauna uwezo, namba moja ya mwisho ikiyumba jibu lote linayumba. Na jiwe ghafi ambalo bado limeshikana na mwamba halipimiki hivi, kwa kuwa unapima mchanganyiko.

Lupu inanionyesha nini?

Lupu ya kukuza mara kumi inakuonyesha jambo moja ambalo haliwezi kughushiwa. Tazama kupitia meza ya jiwe, yaani uso wa juu ulio bapa, hadi chini kwenye kingo ambapo nyuso za nyuma zinakutana. Kwenye tomalini kingo hizo huonekana mbilimbili, kama mistari sambamba, kwa sababu nuru ikiingia inagawanyika mara mbili. Kwenye tsavoraiti kila ukingo ni mstari mmoja, safi. Ukikosa kuona mistari miwili, inamisha jiwe na utazame tena kwa upande mwingine, maana tomalini ina mwelekeo mmoja ambao kugawanyika huko hakuonekani.

Ndani ya jiwe pia kuna habari. Tsavoraiti mara nyingi ina vijipande vyeusi vya kinywe, au pazia la vitone vya majimaji linalofanana na alama ya kidole. Tomalini huwa na nyuzinyuzi zisizo na mpangilio, zilizojaa majimaji au gesi.

Nimesikia kuna kipimo cha miwani ya jua. Ni kweli?

Ni kweli, na hakina gharama ukiwa na miwani ya kukata mng'ao, ile inayofanya kioo cha kompyuta kigeuke cheusi ukiinamisha kichwa. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta ya kawaida, shika miwani mbele ya kioo na uizungushe hadi weupe upotee. Sasa weka jiwe katikati ya kioo na miwani, ulizungushe. Tomalini itawaka na kuzimika, itawaka na kuzimika, mara nne katika mzunguko mmoja. Tsavoraiti itabaki giza, au itaonyesha mabaka yasiyotulia bila mpangilio huo wa mara nne.

Jaribu angalau pande tatu kabla ya kusema ni ganeti. Sababu ni ileile ya mwelekeo mmoja niliyoitaja juu. Simu nyingi hazifai kwa kipimo hiki, tumia kompyuta.

Namba za maabara ni zipi, ili nisome cheti bila kubabaika?

Kipimo cha kupinda kwa nuru kwa tsavoraiti ni karibu 1.740, namba moja tu. Kwa kromu tomalini zipo mbili, kama 1.620 na 1.640, zikiachana kwa 0.018 hadi 0.020. Msongamano ni 3.6 dhidi ya 3.05. Kutawanya nuru kuwa rangi za upinde ni 0.028 dhidi ya 0.017. Ugumu kwa kipimo cha Mohs unalingana: 7 hadi 7.5.

Cheti kinachosema "tsavoraiti" na kuandika namba mbili za kupinda kwa nuru kina walakini. Rudisha, uliza.

Kichungi cha Chelsea hakiwezi kunisaidia?

Kwa kazi hii, hapana. Kile kichungi kidogo ambacho mawe yenye kromu hugeuka mekundu ukiyatazama kupitia kwake, hupewa sifa nyingi mno sokoni. Tsavoraiti na kromu tomalini zote mbili huweza kuonekana nyekundu au waridi, kulingana na kilichomo ndani. Kitakusaidia kubagua kioo cha chupa au tomalini ya kijani ya kawaida, ile inayopata rangi kutokana na chuma, ambayo haigeuki nyekundu. Lakini baina ya haya mawili hakiamui.

Lipi lina mng'aro zaidi?

Tsavoraiti, wala si kwa tofauti ndogo. Inapinda nuru zaidi na kuitawanya zaidi, kwa hiyo hata jiwe la karati moja lililokatwa kwa ustadi hung'aa usiku chini ya taa ya kawaida. Likilinganishwa na zumaridi, hutawanya nuru karibu mara mbili.

Kromu tomalini ina uzuri wa namna nyingine: rangi nzito, tulivu, yenye kina. Tatizo lake ni kwamba jiwe kubwa huweza kuwa zito mno likafanana na jeusi ndani ya nyumba. Lile linalopendeza zaidi mara nyingi ni la karati moja hadi tatu hivi, lililokatwa bila kuachwa nene chini. Anayeuza jiwe la karati nane lenye rangi nyeusi huku akilimulika na tochi kali, mwombe azime tochi.

Mbona karati moja ya tomalini ni kubwa kuliko karati moja ya tsavoraiti?

Karati ni uzito, si ukubwa. Tsavoraiti ni nzito zaidi kwa takriban asilimia 18 kwa ujazo uleule. Kwa maneno mengine, mawe mawili yenye umbo na vipimo sawa, tomalini ikiwa karati 1.00, tsavoraiti itakuwa karibu 1.18. Anayenunua jiwe la kujaza nafasi iliyokwisha kutengenezwa kwenye pete atumie milimita, aachane na karati.

Lipi linafaa kwa pete ya kila siku?

Kwa ugumu yanalingana, na hakuna kati yake lenye tabia ya kupasuka bapa kama topazi. Lakini 7 hadi 7.5 si ugumu wa kujivunia sana. Vumbi la barabarani limejaa mchanga, na mchanga una ugumu wa 7. Kila unapofuta pete kavukavu kwa shati, unasugua jiwe kwa kitu kinacholingana nalo, na baada ya miaka kingo hufifia.

Kwa pete ya kila siku ningechukua tsavoraiti, kwa sababu hata kingo zikianza kufifia, mng'aro wake mkubwa hulibeba jiwe. Kwa hereni na mkufu, ambako hakuna kugongana, ningechukua tomalini bila kusita: unapata jiwe kubwa zaidi, safi zaidi, kwa fedha ileile au pungufu. Wanaoinunua tomalini kama "tsavoraiti ya maskini" wanajinyima raha ya jiwe lenyewe.

Mimi ni fundi. Kuna tofauti gani katika kukata?

Kubwa. Tsavoraiti haina mwelekeo wa rangi, kwa hiyo unafuata umbo la kipande na kukwepa nyufa. Kilio chako kitakuwa uzito: kipande cha gramu moja ni karati tano, na baada ya kukata ni kawaida kubaki na robo au theluthi yake. Mteja aambiwe mapema kuepusha ugomvi.

Tomalini inataka ufikiri kabla ya kugusa gurudumu. Tafuta mwelekeo wa urefu wa kioo cha asili. Ukibahatika kupata ghafi yenye umbo, utaona mistari inayokimbia kwa urefu na, ukiitazama kwa ncha, umbo la pembetatu lenye kingo za mviringo. Ikiwa rangi ya kutazama kwa ncha ni nyeusi, meza ya jiwe iwekwe sambamba na urefu, isikae kwenye ncha. Ukikosea hapo, hakuna kung'arisha kutakakoliokoa.

Halafu pembe za nyuma. Nuru huanza kuvuja kwenye tsavoraiti pembe ikishuka chini ya nyuzi 35 hivi, kwenye tomalini chini ya nyuzi 38. Fundi aliyezoea ganeti akiipa tomalini pembe ya 38 amejiweka ukingoni kabisa. Jiwe litakuwa na dirisha katikati, utasoma gazeti kupitia kwake. Mpe tomalini nyuzi 40 au zaidi kidogo. Madirisha mengi ninayoyaona kwenye tomalini zinazouzwa mitaani yanatokana na hili, pamoja na tamaa ya kuokoa uzito.

Yanapikwa au kutiwa dawa?

Tsavoraiti haipikwi. Moto hauiongezei rangi, na hiyo ni sifa yenye thamani sokoni siku hizi, ambapo rubi na yakuti nyingi zimepitia tanuri. Kromu tomalini nayo kwa kawaida huuzwa kama ilivyotoka ardhini, ila tomalini yenye nyufa inaweza kujazwa mafuta au gundi ya plastiki ili nyufa zisionekane. Chini ya lupu, tafuta mng'ao wa ajabu ndani ya ufa au povu lililonaswa.

Na ya bandia?

Tsavoraiti ya kutengenezwa kiwandani haiuzwi sokoni kama ilivyo kwa rubi au zumaridi. Wanachouza ni vitu vya kuigiza. Cha kwanza ni kioo: chupa za kijani huvunjwa, zikaviringishwa kwenye mchanga na kupakwa vumbi la kinywe zifanane na ghafi ya shimoni. Zioshe. Kioo kina mapovu ya mviringo, kikivunjika huacha mapindo kama ya ganda la kombe, na kikiguswa kwa mdomo si cha baridi kama jiwe.

Cha pili ni kigumu zaidi kugundua: jiwe la maabara liitwalo yagi, lenye rangi ya kijani, ambalo hupinda nuru mara moja kama ganeti, halina rangi mbili, na lina mng'aro mkali. Miwani ya jua haitalishika, lupu vilevile. Mzani wa maji unalikamata papo hapo, maana msongamano wake ni 4.55. Lile jiwe letu la gramu 1.80 lingesoma 0.40 tu.

Kuhusu bei, lipi ni ghali na kwa kiasi gani?

Tsavoraiti ni ghali zaidi, na pengo linapanuka kadiri jiwe linavyokuwa kubwa. Chanzo ni uhaba wa mawe makubwa: yale mafundo huvunjika vipande vidogo, na tsavoraiti safi ya zaidi ya karati mbili tayari ni adimu. Bei ya kila karati hupanda kwa kuruka, si kwa ngazi. Mwaka 2017 Mirerani ilitoa kipande ghafi cha karati 283.74 ambacho kilikatwa kuwa jiwe la karati 116.76, leo kipo katika makumbusho ya Smithsonian, Washington, kwa jina la Simba wa Mirerani. Vipande kama hicho havionekani kizazi hadi kizazi.

Siandiki bei hapa kwa kuwa zingekuwa zimepitwa kabla hujamaliza kusoma. Ninachoweza kusema ni mpangilio wa vinavyopandisha: rangi kwanza, iliyo ya kijani safi isiyoelekea manjano wala weusi, kisha usafi, kisha ukubwa, ukataji mwisho, ijapokuwa ungestahili kuwa juu zaidi. Tsavoraiti iliyopauka, ya kijani cha mnanaa, huuzwa kwa bei tofauti kabisa, usikubali ipigwe mnada kwa bei ya iliyokolea.

Kuna wanaosema ni zumaridi. Ni sawa?

Si sawa. Zumaridi ni berili, jiwe jepesi zaidi (msongamano 2.7 hivi), linalopinda nuru kwa 1.58 tu, na mara nyingi limelowekwa mafuta kufunika nyufa. Muuzaji anayesema "zumaridi ya Tanzania" huku akikuonyesha tsavoraiti anakupa jiwe lenye mng'aro zaidi kwa jina la uongo. Anayesema hivyo huku akikuonyesha tomalini anataka bei isiyostahili. Tanzania ina zumaridi yake ya kweli, Manyara.

Mbona tomalini yangu dukani inajaa vumbi kila asubuhi?

Ni tabia yake. Tomalini ikipata joto hujichaji umeme kwenye ncha zake na kuvuta chembe nyepesi. Wafanyabiashara wa Kiholanzi wa zamani waliitumia kuvutia majivu kutoka kwenye kiko. Chini ya taa za kabati la duka itakusanya vumbi haraka kuliko jirani zake, na tsavoraiti pembeni yake itabaki safi. Wapo wanaolitumia kama kipimo; mimi nalichukulia kama dokezo tu.

Nisafishe vipi?

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki laini. Basi. Mashine za mtetemo usizitumie kwa tomalini, na kwa tsavoraiti zitumie pale tu unapokuwa na hakika haina nyufa. Mvuke wa moto kwa yote mawili, hapana. Sonara akitaka kurekebisha pete kwa moto, jiwe ling'olewe kwanza: majimaji yaliyonaswa ndani ya tomalini hupanuka na kulipasua, na ganeti nayo haipendi kupashwa na kupozwa ghafla.

Sheria inasemaje kuhusu kununua?

Tanzania, mnunuzi na muuzaji wa madini ghafi lazima wawe na leseni, na leseni ya udalali hupewa Mtanzania peke yake. Tangu mwaka 2019 biashara imeelekezwa kwenye masoko ya madini yaliyofunguliwa mikoani, ambako ofisa wa Tume ya Madini hukagua, hukadiria thamani na kutoza mrabaha. Marekebisho ya sheria ya 2017 yaliweka asilimia 6 kwa vito pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Jiwe la kuvuka mpaka linahitaji kibali. Mgeni au ndugu anayeishi nje anayetaka jiwe la zawadi atapata usumbufu mdogo akinunua lililokatwa, dukani, akapewa risiti na nyaraka zake. Kwa Kenya mambo yanaongozwa na Sheria ya Madini ya 2016, na Voi kuna kituo cha serikali cha vito kinachohudumia wachimbaji wa Taita Taveta.

Anayetaka kujifunza kukata na kutambua vito kwa undani, Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania.

Nina pete ya urithi yenye jiwe la kijani. Nawezaje kulitambua bila kuling'oa?

Mzani wa maji haufai, kwa sababu dhahabu itaingia kwenye hesabu. Ulichobaki nacho ni lupu na macho. Osha pete kwanza, maana uchafu wa sabuni nyuma ya jiwe huficha kila kitu. Tafuta kingo mbilimbili kupitia meza, kutoka angalau pembe tatu. Kisha geuza pete uone kama rangi inabadilika kati ya upande wa urefu na upana. Miwani ya jua na kompyuta hufanya kazi ikiwa nyuma ya pete iko wazi na nuru inapita; kama imezibwa, sahau.

Usipoona kingo mbilimbili wala rangi mbili, una jiwe linalopinda nuru mara moja: linaweza kuwa tsavoraiti, kioo au yagi. Hapo peleka kwa mwenye rifraktomita, chombo cha kupimia kupinda kwa nuru. Kipimo chenyewe huchukua dakika moja na hakidhuru pete. Tsavoraiti itasoma 1.740, yagi haitasoma kitu kwa kuwa imepita uwezo wa chombo, na kioo cha kawaida kitaangukia chini sana, mara nyingi karibu na 1.5. Mwombe akuruhusu uchungulie mwenyewe kwenye kile kipimo.